Ukiiona Rangi Ikifika, Umezidisha

Chambo changu cha kwanza, samaki wa bandia wa kuvulia samaki halisi, kilipendeza kwa dakika kumi hivi. Nilikuwa nimekichonga kwa mbao laini, nikakipiga msasa hadi kikawa kinateleza mkononi kama kipande cha sabuni, na kila aliyekiona kabla ya rangi alikisifu. Kisha nikawasha kompresa, nikakielekezea brashi ya hewa, kile chombo kidogo cha mkononi kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, nikakimwagia kijani. Kumwagia ndilo neno lenyewe. Rangi ilijaa mgongoni, ikateremka ubavuni kwa michirizi mitatu, ikaning'inia chini ya tumbo kama nta ya mshumaa. Nikajiambia si kitu, nyeusi itaficha. Nyeusi nayo ikachirizika. Nilipoweka brashi chini, samaki wangu alikuwa ameshaungua.

Nimepaka vyambo vingi tangu hapo, na vingi nimevikwangua nikaanza upya. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa mtu angeniambia siku ile, ni kwamba brashi ya hewa haipaki, inaleta ukungu. Mkono uliozoea brashi ya nywele unataka kuona rangi ikishika pale pale inapogusa, na ukiusikiliza huo mkono utaharibu kila kitu. Ukipita mara ya kwanza, usione kitu. Mara ya pili uone kama kivuli cha kitu kilicho mbali. Mara ya tatu uanze kuyashuku macho yako. Ukiiona rangi ikifika, umezidisha.

Chombo chenyewe kilizaliwa na tabia hiyo. Mmarekani Abner Peeler alitengeneza mojawapo ya zile za mwanzo kabisa mwaka 1879, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa mikononi mwa mafundi ilikuwa kurekebisha picha za watu: kulainisha kivuli chini ya kidevu, kufuta kovu, kuongeza wekundu kidogo shavuni. Hakuna anayelimwagia rangi shavu la mtu. Mimi nilikishika kama bomba la kuoshea gari.

Brashi nyingi za kazi hii ni za vitendo viwili. Kitufe ni kimoja: ukikibonyeza chini inatoka hewa, ukikivuta nyuma sindano iliyo ndani inarudi na kuachia rangi, na kadiri unavyovuta ndivyo rangi inavyoongezeka. Kwa maneno ni rahisi, ila kidole cha shahada huchukua wiki kadhaa kuyaelewa. Hewa hutangulia, rangi hufuata. Wakati wa kumaliza rangi hufungwa kwanza na hewa ndiyo ya mwisho kukatika. Ukivuruga utaratibu huo, ukaachia kitufe chote kwa mpigo, tone dogo hubaki mdomoni mwa sindano likisubiri. Utakapobonyeza tena litaruka, na mara nyingi litatua kwenye ubavu ambao ulikuwa umeshaumaliza. Siku hizi naacha hewa ivume muda wote, nahama chambo hadi chambo ikivuma, na kidole kinabaki na kazi ya kuvuta na kurudisha tu.

Karatasi chakavu ndiyo shule. Unapiga nukta, kisha mistari iliyonyooka, kisha ule mchoro wenye umbo la jambia: unaanza mbali kidogo kitufe kikiwa kimevutwa, unashuka ukisogea karibu huku ukikirudisha taratibu, hadi mstari unachongoka na kupotea wenyewe. Nililichukia zoezi hilo. Nilipokuja kumtazama vizuri sangara wa Ulaya, na ile mistari ya giza inayomshuka kutoka mgongoni, mipana juu na myembamba kuelekea tumboni, nikaona ni majambia yale yale yamepangwa safu. Nikarudi kwenye karatasi kimya kimya.

Kuhusu rangi, natumia akriliki za maji, na nazipunguza makali hadi zinateremka ukutani mwa kikombe kama maziwa. Zikiwa nzito zinakauka kwenye ncha ya sindano na kuanza kutema vipande. Zikiwa nyepesi mno, au ukikaribia sana, zinakimbia juu ya chambo zikichora miguu ya buibui. Ukiwa mbali mno, au hewa ikizidi, rangi inakauka ikiwa bado njiani na kutua kama vumbi. Pitisha kidole utasikia ukwaruzo. Mimi nafungua hewa kati ya pauni 15 na 25 kwa inchi ya mraba, nashuka zaidi ninapochora vitu vidogo, na mdomo wa brashi wenye tundu la milimita 0.3 au 0.35 unanitosha kwa karibu kila kitu. Rangi zenye chembe za kumeta huziba tundu hilo, kwa hiyo nazo nazipitisha kwenye brashi ya pili ya milimita 0.5. Sentimita mbili au tatu kwa mistari, kumi hadi kumi na tano kwa ukungu mpana. Hayo ni makadirio tu. Chambo kikubwa kitakudai zaidi, na chumba chenye joto kavu kitakulazimisha kupunguza rangi makali kuliko ulivyozoea.

Barakoa ivaliwe hata kwa rangi za maji. Ukungu huo ni chembe, na mapafu hayana habari kwamba kwenye chupa pameandikwa kuwa haina sumu. Ukitumia rangi za thina, hitaji ni barakoa ya vichujio vya mvuke wa kemikali na hewa inayotoka nje ya chumba.

Kabla ya rangi kuna mbao, na mbao inakunywa maji. Chambo changu cha tatu kilikuwa kizuri kweli, na kilipasuka rangi siku ya kwanza kuguswa na maji kwa sababu nilitoboa tundu la pete ya ndoana baada ya kukiziba. Maji yaliingia hapo, mbao ikavimba, na rangi pamoja na vanishi yake ikainuka kama ganda la kidonda. Sasa matundu yote hutobolewa kwanza, chubwi huingizwa tumboni, kisha kila kitu, ndani ya matundu pia, kinanyweshwa gundi nyepesi au epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili inayokauka ngumu. Msasa mwembamba hufuata. Halafu andakoti nyeupe, yaani rangi ya msingi inayolala chini ya nyingine zote.

Nyeupe hiyo wengi huipita haraka, nami nilikuwa mmoja wao. Rangi ninazozipenda ni zile zinazopitisha mwanga: mwanga unaingia, unagonga kilicho chini, unarudi nje umebeba rangi. Chini kukiwa na nyeupe safi, kijani chepesi kinawaka. Chini kukiwa na mbao ya kahawia iliyofunikwa vibaya, kijani hicho hicho kinakuwa matope. Kwa hiyo hata nyeupe nayo nailaza kwa ukungu, tabaka nne au tano, kila moja ikikaushwa kwa mashine ya nywele kwa joto la chini.

Sasa mgongo na tumbo. Mwaka 1896 mchoraji wa Marekani, Abbott Thayer, alieleza kwa nini wanyama wengi wana mgongo wa giza na tumbo jeupe: mwanga unatoka juu, unaung'arisha mgongo na kuliacha tumbo kivulini, na rangi ya mnyama inafanya kinyume chake hasa, hivyo viwili vinafutana na mwili unapoteza umbo machoni pa adui. Naona fahari kidogo kwamba mambo haya yalielezwa na mtu wa brashi. Ukishalijua hilo unaelewa kwa nini mstari wa wazi kati ya mgongo wa kijani na tumbo jeupe unafanya chambo kionekane kama mwanasesere: samaki hana mstari huo. Ana mteremko, giza linapungua bila mtu kuweza kusema limeishia wapi. Brashi ya nywele huhangaika sana kutoa mteremko huo. Ya hewa inautoa kwa urahisi, mradi mkono usiwe na pupa: nakilaza chambo, napuliza kutokea juu ya mgongo, na kuacha ukungu unaopita pembeni uanguke ubavuni wenyewe. Ubavu siulengi kabisa.

Hapa kuna swali lililonisumbua muda mrefu. Ikiwa rangi hiyo ni ya kujificha, kwa nini tunaiiga kwenye kitu tunachotaka kionwe? Jibu nililolifikia ni kwamba dagaa mzima huogelea wima na kufichika, ila aliyejeruhiwa huyumba na kulala ubavu, na hapo tumbo linamulika, mgongo unarudi, tumbo tena. Chambo cha mbao chenye ulimi wa plastiki chini ya mdomo huyumba hivyo hivyo kikivutwa. Mgongo wa giza na tumbo jeupe vikipishana ndiyo ishara yenyewe. Kipake chote rangi moja na mwendo ule ule utabaki, lakini nusu ya kelele yake itakuwa imezimwa.

Magamba ndiyo yaliyonivuta kwenye kazi hii, na ndiyo yaliyonichelewesha. Kila mtu anajua ujanja wenyewe: unakivisha chambo kitambaa cha neti, kile chepesi cha shela, au kipande cha dodoki la nailoni la kuogea, unapuliza juu yake, unatoa. Uzi unazuia, tundu linapitisha. Kisichosemwa sana ni kwamba kuna njia mbili, na matokeo yake yanatofautiana kama mchana na usiku. Ukianza na fedha chini na kupuliza kijani cha giza kupitia neti, unapata magamba ya giza yenye kingo zinazong'aa. Yanapendeza, ila ukiangalia kwa makini ni samaki aliyevalishwa wavu. Ukianza na giza chini na kupuliza fedha kupitia neti, unapata gamba linalong'aa lenye kivuli pembeni, na hivyo ndivyo gamba lilivyo: sehemu ya kati inapokea mwanga, ukingo unaingia chini ya jirani yake. Kwangu njia ya pili haina mpinzani.

Kwa hiyo juu ya andakoti nyeupe napitisha ukungu wa kijivu cha giza kwenye mbavu tu, tumbo nikiliacha. Neti inafuata. Imekazwa kwa vibanio vya nguo kwenye mstari wa mgongo, kwa sababu hapo pamoja na mikunjo yake patafunikwa baadaye na rangi ya mgongo. Shida huja mkiani. Chambo kinapungua unene, neti inaachana na mwili, na rangi inayopenya hapo inasambaa chini ya uzi na kutoa madoa. Nabana kibanio kingine chini ya mkia, na ikishindikana napunguza rangi kuelekea huko hadi magamba yanafifia. Nilianza kufanya hivyo kwa kulazimika. Baadaye nikaona samaki halisi naye hana magamba yanayoonekana kila mahali. Yapo yanayoshika mwanga na yapo yaliyotulia. Tangu hapo nafifisha kwa makusudi, mkiani na kuelekea tumboni, na vyambo vyangu vimeacha kufanana na vigae vya bafuni.

Mkono unakaa wima juu ya neti. Ukiulaza, rangi inaingia chini ya uzi kutoka upande mmoja na kila gamba linapata mkia. Na neti isilale juu ya chambo. Niliwahi kuchoka usiku mmoja nikaiacha hadi asubuhi. Rangi ilikuwa imeshikana na uzi, nikavuta, na utepe mzima wa ubavu ukaja nao hadi kwenye mbao. Nilikaa nao mkononi kama ngozi ya nyoka. Siku hizi neti inatoka mara tu unyevu unapoacha kung'aa, na inainuliwa juu moja kwa moja bila kuburutwa.

Mng'ao wenyewe una historia ninayoipenda. Gamba la samaki linang'aa kwa sababu ya vijifuwele vyembamba vya guanini ndani ya ngozi yake, na huko Paris katika karne ya 17 walikuwa wakikwangua magamba ya samaki wadogo wa mtoni ili kupata maji ya kumeta ya kutengenezea lulu za bandia. Lauri Rapala wa Ufini, aliyechonga chambo chake maarufu kwa gome la mti mwaka 1936, alikivika karatasi ya bati iliyofungiwa chokoleti, na juu yake akapaka filamu za picha zilizoyeyushwa ziwe vanishi. Leo tunatumia unga wa madini ya maika uliovikwa oksidi ya titani, ndani ya chupa. Rangi hizi za lulu zina kituko kimoja: zile zinazobadilika kulingana na pembe ya jicho hazionekani kabisa juu ya nyeupe. Nilimaliza nusu ya chupa ya zambarau ya lulu juu ya chambo cheupe nikidhani ni mbovu. Juu ya giza, hata tone moja linaamka. Ndiyo sababu nyingine ya ile kijivu chini ya neti.

Baada ya fedha, rangi za mgongo: kijani kinachopitisha mwanga, kahawia kidogo juu kabisa, na mistari ya jambia kama samaki anaitaka. Kila rangi inagusa kidogo magamba yaliyo chini yake bila kuyafunika. Hapa ndipo vyambo vingi hufa, vyangu vikiwemo. Kazi iko karibu kwisha, imependeza, na mkono unasema "bado kidogo tu". Hiyo kidogo tu ndiyo inayozima fedha yote. Nimejizoesha kuweka brashi chini na kutoka nje ninapoanza kufurahi.

Koo jekundu ni kishawishi kingine. Ukungu wa wekundu chini ya matamvua unafanya chambo kionekane hai, nami naupaka karibu kila mara. Lakini maji hunyonya nyekundu mapema kuliko rangi nyingine. Hata kwenye maji maangavu inafifia ndani ya mita chache za mwanzo, na kwenye mita kumi inakaribia kuwa nyeusi. Kwenye chambo kinachoogelea juu juu, wekundu ni wekundu. Kwenye kinachozama sana ni doa la giza tu, ambalo pia lina faida yake, ila usijidanganye kwamba ni damu. Kwenye maji ya tope hata hiyo ni hadithi: yanayobaki ni giza dhidi ya mwanga, na zile rangi kali za kijani-njano zinazopokea mwanga wa mawimbi mafupi na kuurudisha ukiwa wa mawimbi marefu zaidi. Chambo cha maji machafu napaka kwa dakika ishirini. Magamba huko ni ya kumfurahisha mwenye chambo, na sioni aibu kusema kwamba mwenye chambo naye anastahili kufurahi.

Jicho huwekwa mwisho. Niliwahi kuyapaka, sasa natumia ya kubandika yenye kina, kwa sababu mboni niliyoipiga kwa brashi ya hewa ilikuwa ikitoka kengeza mara tatu kati ya nne.

Kinachobaki ni kukifunika kwa epoksi ya kung'aa, sehemu sawa kwa sawa, ikichanganywa taratibu ili isinyonye mapovu. Vaa glavu, kwanza kwa ajili ya ngozi, maana kuna watu ambao miili yao huizoea vibaya epoksi na baada ya hapo hawawezi tena kuigusa. Pili kwa ajili ya chambo. Mafuta ya kidole hayaonekani kwenye rangi, lakini epoksi inayaona: inarudi nyuma na kuacha kisima cha mviringo chenye umbo la dole gumba lako. Kuna pia vanishi za magari za sehemu mbili zenye isosianati, kemikali hatari kwa mapafu. Zinang'aa sana na zinakauka upesi, na mimi sizipulizi nyumbani. Vifaa vya kupumulia zinavyovitaka ni vya karakana. Na chambo kikishakamilika, usikihifadhi sanduku moja na vile vya plastiki laini. Vinayeyusha rangi kimya kimya, na utakuta wiki za kazi zimekuwa uji.

Epoksi ikishapakwa haisubiri, inatafuta kushuka. Chambo lazima kizunguke, polepole, mizunguko michache kwa dakika, hadi itakapokaza. Mashine yangu ni gurudumu la mbao lililofungwa kwenye mota ndogo, na sasa hivi ninapoandika lina vyambo sita. Vinapanda upande mmoja vikionyesha mgongo, vinashuka upande wa pili vikionyesha tumbo. Nimevikagua kwa tochi kila baada ya dakika tano, nimepitisha kijimoto haraka juu yake kuvunja mapovu, na magamba yametoka vizuri kuliko nilivyotarajia, hasa kwenye kile chenye zambarau. Cha nne kina unywele ndani.